Sauti Isiyovuta Pumzi

Mliniacha wiki iliyopita nimesimama mlangoni mwa chumba cha watoto pale kiwandani, ndoo mkononi, namfukuza Mama Birika kama mwizi wa kuku. Leo nimerudi. Na kama mlidhani hasira zangu zimepoa, mmenoa.

Uliyekosa, sogea nikuelezee haraka. Mimi ni mlezi. Kiwanda chetu kinashona nguo, na kina mama wakiwa kwenye mashine, watoto wao wanabaki na mimi. Simu zao zinafungiwa makabatini mpaka saa ya chakula. Kwa hiyo kila siku, kabla king'ora hakijalia, namrekodia kila mama ujumbe wake wa sauti: mwanao amekula, amelala, amemng'ata mwenzake sikio lakini wameshapatana. Wakitoka tu, wanakimbilia makabati kumsikiliza Mama Wote. Ndivyo wanavyoniita.

Walivyokuwa wakiniita.

Siku moja ikaja sauti nyingine, na hiyo sikuirekodi mimi.

"Wakinisumbua nawapa kijiko cha dawa ya kikohozi. Wanalala kama magogo. Mama zao watajuaje?"

Sauti yangu! Mkwaruzo wangu, kicheko changu cha puani, kila kitu. Ila maneno hayo sijawahi kuyasema, si kwa utani, si ndotoni. Ikazunguka kiwanda kizima kabla sijamaliza kuanika nepi, ikatoka getini, ikaingia mjini. Kina mama wakaja kuwachukua watoto mikononi mwangu. Mmoja alimpanua mwanawe mdomo akamnusa, mbele yangu, mimi niliyemfundisha yule mtoto kutembea.

Nikamshika uchawi Mama Birika, anayechemsha maziwa, kwa sababu ndiye tuliyekuwa tunashinda naye. Nikamtoa nje na ndoo yake. Alilia, akasema, "Utanikumbuka, dada yangu." Mume wangu alikuwapo. Ni fundi wa friji, alikuja kutengeneza friji la maziwa. Aliona yote, akainamisha kichwa ndani ya friji, akaendelea kukaza skrubu. Nikadhani ni aibu ya kiume.

Sasa tuendelee.

Dada wa ofisi ya wafanyakazi aliniita. Hakunipa hata kiti.

"Utakuwa na kikao na Bosi Mkubwa. Unajua Kiswahili hajui. Na mkalimani hataki, maana yule wa mara ya mwisho aliyageuza matusi yakawa salamu. Utajieleza mwenyewe, kwa Kiingereza."

"Kwa Kiingereza?"

"Ndiyo."

"Na ningekuwa bubu?"

"Mama, usinitafutie maneno. Ukishindwa kumwelewesha, chumba kinafungwa, na jina lako linakwenda polisi. Kuwalevya watoto si mchezo."

Nikatoka mle nimeubamiza mlango. Siyo woga, hasira. Mtu umeibiwa sauti, halafu unaambiwa ukadai kwa sauti ambayo huna!

Kiingereza changu ni cha kuomba maji na kusema asante. Basi nikaenda kujiandikisha kwenye darasa la jioni, lile la juu ya duka la vipuri, kwa sababu ndilo lililo karibu na kiwanda. Nilipomwambia mume wangu, kijiko kilimdondoka.

"Kwa nini pale?"

"Kwani pale pana nini?"

"Hapana. Nasikia mwalimu wake hajui kitu. Kuna lingine upande wa stendi."

"Huko nitafika darasa limekwisha."

"Mimi nakushauri tu, mke wangu."

Nikamwambia ushauri wake aupeleke kwenye friji. Akainama kuokota kijiko chake. Mume wangu ni mpole, mtaa mzima unamsifu. Kila nikilia alikuwa ananipangusa machozi kwa kiganja chake, ananiambia, "Aliyefanya hivi Mungu anamwona." Yashikeni hayo maneno.

Darasani nilikaa nyuma kabisa. Sikufungua mdomo. Kwanza aibu ya Kiingereza, pili niliogopa sauti yangu isije ikatambulika. Mwalimu wetu, wote tunamwita Ticha, ni kijana mwembamba mwenye tai, mpenda kupiga makofi. Siku ya kwanza nilimfuata nje, nikamnong'oneza kwamba nataka maneno ya Kiingereza ya uongo wa kwenye simu. Picha za uongo, sauti za uongo, yote.

"Mama, umebahatika!" akasema. "Hilo ni somo langu bora. Vumilia tulifikie."

Tukalifikia jana. Jana hiyohiyo, kikao kikiwa kesho yake asubuhi.

Ticha akaandika ubaoni. Neno la kwanza lilikuwa "fake". Hilo nilikuwa nalijua, hata viatu nilivyovaa ni feki. La pili, "doctored".

"Daktari kafanya nini tena?" akauliza mlinzi wa sheli, jirani yangu wa dawati.

"Siyo daktari. Maana yake ni kitu kilichochezewa. Picha, sauti, cheti, ukikichezea ndiyo hivyo."

Nikaandika. Likafuata "clone", nakala inayofanana na mwenyewe mpaka mama mzazi anadanganyika. Halafu "source", chanzo, pale kitu kilikotoka. Halafu "genuine", kitu halisi, kisicho na doa. Nilikuwa nakariri midomo ikinicheza kama mtu anayesali. Kila neno nililiweka mahali pake kwenye hotuba ya kesho. Bosi, ile sauti ni fake. Bosi, ni clone. Bosi, mimi ni genuine. Kwa mara ya kwanza tangu balaa hili lianze nilijiona nina silaha.

"Sasa mazoezi," Ticha akasema, akapiga makofi. "Nitawasikilizisha sauti mbili. Moja ya kweli, moja feki. Mniambie ipi ni ipi."

Ya kwanza ilikuwa ya mzee anatangaza kupotea kwa mbuzi wake. Anakohoa, anasahau, anaanza upya. Darasa likacheka.

Akabonyeza ya pili.

"Wakinisumbua nawapa kijiko cha dawa ya kikohozi..."

Kalamu ilinikatikia mkononi. Si maneno ya kuongezea chumvi, ilikatika kweli, wino ukanichafua vidole.

"Hii naijua!" mlinzi wa sheli akapaza sauti. "Hii ni ya yule mama wa kiwandani! Shetani yule! Ningempata mimi!"

Alikuwa ameegemeza kiwiko chake kwenye daftari langu.

"Tupige kura," Ticha akasema. "Ya mzee ni ya kweli?" Mikono michache. "Ya huyu mama ni ya kweli?"

Darasa zima likanyoosha mikono. Mlinzi alinyoosha miwili.

Ticha akacheka mpaka tai ikamrukia begani. "Mmeliwa! Mmeliwa wote! Ya mzee nimeirekodi mwenyewe sokoni. Ya huyu mama ni feki. Fake! Hakuna mama aliyesema maneno haya."

Jamani.

Mtu anayezama akitupiwa kamba hufurahi. Mimi sikufurahi. Nilitaka kujua huyu mwenye kamba alikuwa wapi muda wote nilipokuwa nakunywa maji.

Nikasimama. "Umejuaje?"

Hiyo ndiyo sauti yangu ya kwanza mle darasani. Baadhi ya watu waligeuka. Ticha hakushtuka, furaha ilikuwa imemziba masikio.

"Nimejua kwa sababu ni kazi ya nyumbani, mama! Muhula uliopita niliwaambia wanafunzi watengeneze sauti feki ya mtu wanayemjua, iseme jambo la kushtua. Siku hizi ni rahisi, unailisha mashine voisi za mtu, inamwiga. Halafu mwanafunzi aeleze kwa Kiingereza namna ya kuitambua. Huyu alipata alama za juu kuliko wote. Tulikuwa tunamwita Profesa."

"Mbona iko mitaani?" nikauliza. "Mbona kila mtu anayo?"

"Niliituma kwenye kundi la darasa, iwe mfano. Inaelekea mtu aliipeleka nje. Lakini haina neno, mbele kuna maelezo yake. Anayesikiliza mpaka mwisho anaelewa."

"Mbele ipi? Mimi nimeisikia mpaka nimeikariri. Inaishia kwenye 'watajuaje'."

"Basi kuna aliyeikata. Sikilizeni nzima, ndiyo kazi yetu. Nitasimamisha kila sentensi, mmoja anatafsiri."

Akabonyeza.

Baada ya "watajuaje" pakawa na kimya kidogo. Halafu mtu akakohoa.

Msomaji wangu, kuna vikohozi vya watu, na kuna kikohozi cha mtu uliyelala naye ubavuni miaka yote ya ndoa. Kile kikohozi nakijua kuliko nyayo zangu. Huanza na kukwama, kisha "hm", kisha tena "hm", kama pikipiki inayogoma kuwaka.

Nikajiambia, hapana. Wanaume wengi wanakohoa.

Mwanamume akaanza kusema, Kiingereza cha kujikongoja. Ticha akasimamisha.

"Nani atafsiri? Haya, mama wa nyuma, umesimama tayari. 'This voice is not genuine.'"

"Sauti hii si halisi," nikasema.

"Safi!" Makofi. Akabonyeza tena, akasimamisha. Sentensi hii ilikuwa ndefu, akanisaidia neno moja moja. Nikaitoa hivi:

"Mwenyewe, akitaka kutaja jina la mtoto, kwanza anavuta pumzi. Kama mtu anayeinua kitu kizito asikiangushe. Mashine haivuti pumzi."

Mwanamke mmoja wa mbele akasema, "Jamani, huyu Profesa anapenda."

Anapenda! Kweli navuta pumzi, sikuwahi kujua mpaka hapo. Mtu ananijua kiasi hicho, halafu ananiacha watoto wanuswe midomo mbele yangu kama mimi ni mchawi!

"Zimebaki mbili za mwisho," Ticha akasema. "'The source is my wife.'"

Source. Chanzo. Neno nililokuwa nimetoka kuliandika, wino bado mbichi.

"Chanzo," nikasema. "Chanzo ni mke wangu."

"'She does not know.'"

Sikutafsiri. Ticha akarudia. Mlinzi wa sheli akanigusa kiwiko, akaninong'oneza ili kunisaidia, masikini wa Mungu: "Hajui. Sema 'hajui'."

"Anajua," nikasema. "Sasa anajua."

Wakageuka wote. Nikavuta pumzi, na safari hii niliisikia mwenyewe ikiingia, nikasema kwa sauti ileile waliyotoka kuipigia kura: "Mimi ndiye yule mama wa kiwandani. Na huyo Profesa wenu ni mume wangu."

Mlinzi aliondoa kiwiko kwenye daftari langu kama limeshika moto.

Hapo ndipo mambo yaliponijia kwa mkupuo. Simu yangu ilipojaa, nani alisema, "Lete, mke wangu, nikuhamishie voisi zako kwenye yangu zisipotee"? Yeye. Nani alikuwa anatoka jioni eti anakwenda mazoezi ya mpira na maveterani wenzake? Yeye! Nilikuwa naifua ile jezi kila wiki. Haikuwahi kunuka jasho, na mimi mjinga nikaisifu sabuni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema nguo yenyewe utaifua kwa mikono yako.

Na kile kichwa ndani ya friji! Mama Birika analia, mimi natukana, na yeye anajua. Anajua! Anakaza skrubu!

"Ticha," nikasema, "naomba hiyo sauti. Nzima. Kesho asubuhi nina kikao. Nikiwa nayo, nimepona."

Rangi ilikuwa imemtoka. Furaha yote kwishnei.

"Mama, pole sana. Kumbe... Mimi sikujua. Lakini ile ni kazi ya mwanafunzi. Siwezi kuitoa bila ruhusa yake."

"Uliitoa kwa mji mzima bila ruhusa yangu!"

"Mji siyo mimi. Mimi nilituma kwenye kundi tu. Kuna mtu aliikata."

"Wewe ndiye uliyewaagiza! Uliwaambia wakachukue sauti za watu wasiojua, wawatie maneno machafu mdomoni, halafu ukawapigia makofi!"

"Mama, usipaze sauti."

"Nipaze ipi? Hii ndiyo niliyobakiwa nayo, na yenyewe mmeigawana!"

Akainama kwenye kompyuta yake. Nikadhani ananitumia. Nikashusha pumzi, nikaanza kumtajia namba yangu.

"Tayari," akasema.

"Umetuma?"

"Nimefuta." Hakuniangalia. "Mimi sitaki kesi, mama. Nina leseni ya darasa hapa. Mimi sina kitu, na kundi la muhula uliopita nilishalifunga. Muulize mumeo."

Sijui nilifikaje mbele. Ninachojua ni kwamba tai yake ilikuwa mkononi mwangu na watu watatu wananivuta nyuma. Nilimwita majina ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Mhariri ameniomba.

Waliponituliza, nikawageukia wenzangu. "Nyinyi mmesikia. Wote mmesikia. Nani atakuja na mimi kesho, aseme tu alichosikia?"

Mtu akawa anatafuta mkoba wake. Mwingine anafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Nikamtazama mlinzi wa sheli.

"Wewe ulinyoosha mikono miwili."

"Mama yangu," akasema, macho chini, "nisamehe kwa yale maneno. Lakini kesho niko zamu. Na mimi nalinda sheli, Mama. Kesi za watu siziwezi."

Mikono miwili ya kunihukumu ilipatikana. Wa kunitetea hata kidole!

Nikashuka ngazi. Chini, fundi wa duka la vipuri alikuwa anafunga mlango wa bati, akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia naumwa mume. Akadhani ni utani.

Nikakaa kwenye ngazi ya mwisho. Fikirieni na nyinyi. Sauti nzima imebaki sehemu moja tu duniani, kwenye simu ya mume wangu, kama hajaifuta. Bila hiyo, kesho nitasimama mbele ya Bosi Mkubwa na maneno yangu ya kukariri. Fake, clone, genuine. Naye ataniuliza neno moja tu: source? Nitasema ni nani?

Nikimtaja, polisi wataniacha mimi wamkamate yeye. Fundi mpole wa friji ndiye aliyetengeneza uongo uliowatia kina mama wazimu. Watamla mzima. Nisipomtaja, wananila mimi, na Mama Birika anabaki mchawi maisha yake yote.

Simu ikaita. Kwenye kioo pameandikwa jina nililomwekea tulipooana: Wangu.

Nikapokea. Kidole kikaenda chenyewe kwenye kile kitufe cha kurekodi. Nikabonyeza.

"Umetoka, mke wangu? Nije nikuchukue?"

"Ngoja kwanza. Kesho utakuja kikaoni?"

"Si nilikuambia nitakuja? Nitasimama mbele yao niseme huyu mke wangu namjua, hawezi."

"Unanijua?"

"Maswali gani tena hayo?"

"Utawaambiaje kwamba ile sauti si yangu? Watakuuliza. Inafanana kila kitu."

Akakohoa. Hm. Hm.

"Nitawaambia... mtu anamjua mkewe."

"Kwa kitu gani?"

"Mke wangu, leo mmefundishwa nini huko?"

"Tumetafsiri kazi ya Profesa," nikasema. "Mpaka sentensi ya mwisho. Nilisimamishwa mimi, mbele ya watu, nikaitafsiri mimi."

Nikasikia redio ya nyumbani kwetu nyuma yake, kisha nikasikia anaizima.

"Sikulilii," nikamwambia, na kweli sikuwa na chozi hata moja, nilikuwa kaa la moto. "Wala sikutukani. Nitakutukana baadaye, usijali. Nakuuliza jambo moja, na unijibu kwa Kiswahili, taratibu, kila mtu aelewe. Nani aliitengeneza ile sauti?"

Namba za kurekodi zilikuwa zinapanda kwenye kioo. Angeweza kukata. Angeweza kusema sijui, akainamisha kichwa ndani ya friji lake tena, na mimi kesho ningezikwa nayo hiyo sijui.

Nikaibana simu sikioni mpaka sikio likauma.

Upande wa pili, mume wangu akavuta pumzi.